Kodi za mtandaoni: Mlango kuwa wazi si ruhusa ya kuingia

 

Ndugu msomaji, leo ningependa tuzungumzie jambo ambalo halisemwi sana katika khutba wala darsa zetu, ilhali linagusa riziki ya vijana wetu wengi hapa mjini. Wapo vijana wa Kiislamu, wa kiume na wa kike, wanaojipatia kipato kwa kutengeneza programu za kompyuta na za simu. Huyu kaitengenezea shule programu ya ada na matokeo, yule kaliandalia duka la dawa programu ya kuhesabu bidhaa, mwingine kaunda programu ya nyakati za swala. Programu hizi huandikwa kwa maneno na alama maalumu, mstari baada ya mstari, na maandishi hayo mafundi wenyewe huyaita kodi. Sizungumzii kodi ya TRA wala kodi ya mwenye nyumba, ingawa, kama tutakavyoona, suala la nyumba na mwenyewe limo ndani yake.

Mimi mwenyewe ni mtu wa kazi hiyo, na nasema kwa yakini kwamba hakuna fundi anayeandika kila mstari kwa mkono wake. Ukikwama unaingia kwenye intaneti, unakuta mtu wa India au Brazil alikwama hapo hapo ulipokwama, akapata ufumbuzi na akauweka wazi watu wauone. Unakopi, unapesti, programu inakubali, unamshukuru Allah na unaendelea. Swali ni moja: je, kile kipande ulichokichukua ni chako? Na kama si chako, nani alikuruhusu?

Wengi wakiulizwa swali hili hujibu haraka kwamba kitu kikishawekwa mtandaoni ni cha wote. Jibu hilo si sahihi, si kwa sheria za nchi wala kwa dini yetu.

Tuanze na dini. Katika Surat An-Nur, aya ya 27 hadi ya 29, Allah (SW) ametufundisha adabu ya kuingia katika nyumba zisizo zetu. Tumeamrishwa tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Tumeambiwa kwamba tusipomkuta mtu ndani, tusiingie mpaka turuhusiwe. Na tukiambiwa turudi, basi turudi, kwani hilo ni safi zaidi kwetu. Kisha aya inayofuata ikatuondolea ubaya wa kuingia katika nyumba zisizokaliwa na mtu, ambazo ndani yake mna manufaa yetu.

Tuzitazame aya hizi kwa makini. Kukuta nyumba haina mtu hakukuhesabiwa kuwa ni ruhusa. Ukimya haukuhesabiwa kuwa ni ruhusa. Na kwa upande mwingine, dini haikutubana mpaka ikazifunga hata zile sehemu ambazo hazina mkaazi wa kuombwa ruhusa. Naam, aya hizi zimeshuka kuhusu nyumba za watu na sitiri zao, lakini adabu inayofundishwa humo inatufaa sana katika suala letu hili la kodi.

Atakuja mtu aseme: nyumba ni mali, lakini haya ni maandishi tu, ukiyanakili mwenyewe hapungukiwi na kitu. Suala hili wanazuoni wamelijadili. Ni kweli kwamba wapo wanazuoni wakubwa, hususan wa Bara Hindi, waliokuwa na msimamo kwamba haki ya mtunzi si mali inayoweza kumilikiwa. Lakini Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu (OIC), lilikutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988 na kutoa azimio namba 43. Azimio hilo linasema kwamba haki za utunzi, uvumbuzi, jina la biashara na alama ya biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali inayotambuliwa na Sharia, na haijuzu kuzivamia. Baada ya azimio hilo, anayedai kwamba jambo hili halina uzito wowote katika Uislamu atuletee hoja zake.

Ama sheria za nchi, ziko wazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazihesabu programu za kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, na Kenya ina ya mwaka 2001. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1994, na chini ya mkataba huo mtunzi hahitaji kujisajili popote ili awe na haki. Haki inazaliwa pale pale anapoandika. Kwa hiyo ile dhana kwamba kodi isiyo na alama ya hakimiliki haina mwenyewe ni kinyume kabisa cha ukweli. Kodi isiyo na maelezo yoyote ndiyo ambayo haki zote zimebaki kwa mwenyewe.

Nitoe mfano ili jambo hili lisibaki la vitabuni. Mwaka 2019 uongozi wa shule moja ya Kiislamu uliniomba niikague programu yao ya ada na matokeo. Walikuwa wamemlipa kijana mmoja wa hapa hapa mjini, naye akawakabidhi programu ikiwa imefungwa, yaani inafanya kazi lakini kodi yake haionekani. Baadaye kijana akapata ajira mkoani. Mwaka mpya wa masomo ulipoanza, madarasa yakabadilika, programu ikakwama, na hakuna fundi aliyeweza kuigusa. Walimu wakarudi kwenye madaftari, na wazazi wakadaiwa ada walizokwisha kulipa.

Katika folda ya programu ile nilikuta faili dogo alilosahau kulifuta. Lilikuwa ni maandishi ya leseni inayojulikana kama GPL. Nikampigia simu, naye, Allah amlipe kheri, hakukanusha. Alipokuja na kompyuta yake tukaifungua kodi pamoja. Sehemu kubwa ilikuwa kazi ya fundi mwingine wa ughaibuni, majina yake yameondolewa juu ya kila faili na jina la kijana wetu limewekwa badala yake. Mafaili machache, yale ya kuchapisha ripoti za wanafunzi, yalitoka kwa mtu mwingine ambaye hakuweka leseni yoyote. Kijana akaniambia, "Ustadh, vitu hivi viko wazi mtandaoni, kila mtu anachukua."

Hapa ndipo napenda msomaji atulie, kwani kisa hiki kina mambo mawili yanayotofautiana.

Jambo la kwanza ni ile sehemu kubwa iliyokuwa chini ya GPL. Leseni hii iliasisiwa na Richard Stallman wa Marekani na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1989. Toleo la pili lilitoka 1991, na la tatu 2007. Chini ya leseni hii unaruhusiwa kuitumia kodi, kuibadilisha, kuigawa, na hata kuiuza. Mwenyewe keshatoa ruhusa kwa ulimwengu mzima, bila kuombwa na bila malipo! Ila ameweka masharti. Usifute hakimiliki yake. Umpe unayemuuzia leseni ile ile. Na umpatie kodi yenyewe, ili naye awe na uhuru kama uliopewa wewe.

Kwa hiyo kijana yule hakuwa na haja ya kuficha chochote. Ruhusa alikuwa nayo mkononi. Alichokivunja ni sharti, na Allah (SW) katika aya ya kwanza ya Surat Al-Maida ametuamrisha kutimiza mikataba. Vilevile katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (SAW) amefundisha kuwa Waislamu wanafungwa na masharti waliyowekeana, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali.

Na tujiulize, ni nani aliyedhulumiwa hasa? Yule fundi wa ughaibuni alinyimwa jina lake, na hilo ni kosa. Lakini aliyeumia zaidi ni shule. Chini ya leseni ile, shule ilikuwa na haki ya kupewa kodi. Kama ingepewa, fundi yeyote angeirekebisha siku ile ile. Kijana alipoifuta leseni alidhani anaficha jina la mgeni wa mbali, kumbe alikuwa anachukua haki ya watoto wa Kiislamu waliomo katika shule ya mtaani kwake.

Jambo la pili ni yale mafaili yasiyo na leseni. Hapo hapakuwa na ruhusa kabisa, na njia ilikuwa ni kumwomba mwenyewe. Kijana alimwandikia barua pepe. Kimya. Akaandika ya pili, kisha ya tatu, kwa muda wa miezi miwili. Kimya.

Nikamkumbusha Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya Abu Musa Al-Ash'ari (RA). Alibisha hodi kwa Umar (RA) mara tatu, hakujibiwa, akaondoka. Umar alipomuuliza kwa nini aliondoka, akamweleza kwamba Mtume (SAW) ameagiza kuwa aliyeomba ruhusa mara tatu na asiruhusiwe, na arudi. Umar akataka shahidi, na Abu Said Al-Khudri (RA) akamshuhudilia. Hakuna aliyesema kwamba ukibisha mara tatu usijibiwe, basi sukuma mlango uingie.

Basi kijana naye akarudi. Aliyafuta yale mafaili na akayaandika upya kwa mkono wake. Ilimchukua siku nne. Kisha akarudisha majina yote aliyoyafuta, akaikabidhi shule kodi yote pamoja na leseni yake katika flashi. Fundi mwingine akaja, na kufikia alasiri programu ilikuwa inafanya kazi.

Huenda mtu akauliza, kuandika upya kitu ulichokwisha kukiona si kuiba kwa mlango wa nyuma? Hapana, maadamu huandiki huku unanakili. Hakimiliki inalinda maandishi, hailindi fikra wala njia ya kukokotoa. Kanuni hii imo katika kifungu cha 9 cha mkataba wa biashara wa TRIPS. Neno la Kiingereza wanalolitumia mafundi dunia nzima kwa njia ya kukokotoa linatokana na jina la mwanachuoni wa Kiislamu Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, na hakuna anayetozwa chochote kwa kuitumia elimu yake. Kwa hiyo soma kodi ya mwenzako, ifahamu, ifunge, kisha andika ya kwako. Hapo pia linapatikana jibu kwa wale wanaosema kwamba elimu haifichwi. Ni kweli haifichwi, na elimu hiyo umeshapewa. Maandishi ya mtu ni jambo jingine.

Wengine wanauliza kuhusu vipande vidogo: mistari mitano, kumi, nayo ina haja ya ruhusa? Mstari ambao fundi yeyote angeuandika vivyo hivyo hauna mwenyewe. Lakini asije mtu akajiwekea hesabu yake. Katika kesi kati ya kampuni za Oracle na Google kule Marekani, mwaka 2012 baraza la wazee wa mahakama lilikuta kwamba mistari 9 tu ya kodi ilinakiliwa kinyume cha hakimiliki. Katika kesi hiyo hiyo, mwaka 2021 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kutumia mistari kama 11,500 ya aina nyingine kulikuwa ni matumizi yanayokubalika kisheria. Kwa hiyo idadi ya mistari si kipimo. Palipo na shaka, mwenye kuchunga dini yake anauliza.

Wapo pia wanaodhani kwamba masharti ya kitu cha bure hayana nguvu. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya Jacobsen na Katzer. Jacobsen na wenzake walikuwa wametengeneza programu ya kuendeshea treni za kuchezea na kuitoa bure kwa masharti. Upande wa pili ukayachukua baadhi ya mafaili na kuyatia katika programu yao ya biashara, bila majina ya waandishi na bila maelezo ya leseni. Mahakama ikasema kwamba kutotoza fedha hakumaanishi kuwa mtunzi hana maslahi, na kwamba anayekiuka masharti hayo anaweza kushitakiwa kwa kuvunja hakimiliki. Kama mahakama ya kidunia imeliona hilo, sisi tunaosema tunamcha Mungu tusiwe nyuma yake.

Hoja nyingine niliyoisikia, na inasikitisha kuisikia misikitini, ni kwamba wenye kodi hizo ni makafiri, kwa hiyo mali yao ni halali kwetu. Ndugu zangu, Makuraish waliwatesa Waislamu, wakawafukuza na kupanga kumuua Mtume (SAW). Hata hivyo, alipohama alimwacha Ali (RA) nyuma ili azirejeshe amana za watu kwa wenyewe. Kama amana za waliotaka kumuua zilirejeshwa, ni hoja gani inayobaki juu ya fundi wa Brazil ambaye hajatudhuru kwa lolote na amekuachia jasho lake, akitaka tu ulitaje jina lake?

Na juu ya jina, Uislamu una historia ambayo umma mwingine hauna. Elimu yetu ya Hadithi imesimama juu ya isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Abdullah bin Mubarak aliihesabu isnadi kuwa ni sehemu ya dini. Umma uliolelewa hivyo haupaswi kuzalisha vijana wanaofuta majina ya wenzao. Na katika Hadithi ya Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) amemfananisha mtu anayejionyesha kwa kitu asichopewa na aliyevaa nguo mbili za uongo.

Sasa tufanye nini kivitendo?

Kwanza, kabla ya kuchukua, tafuta leseni. Mara nyingi imo katika faili linaloitwa LICENSE au COPYING, au juu ya faili la kodi. Leseni kama MIT, BSD na Apache ni nyepesi: unaweza kuitumia kodi hata katika programu iliyofungwa, ila ubakishe hakimiliki na maandishi ya leseni, na Apache inataka pia uonyeshe mafaili uliyoyabadilisha. GPL tumeshaieleza. Kodi iliyotolewa kabisa na mwenyewe kwa ajili ya umma, hiyo ni kama ile nyumba isiyokaliwa, ingia na ufaidike.

Pili, usipoikuta leseni, omba kwa maandishi. Katika Surat Al-Baqara aya ya 282 tumefundishwa kuandika makubaliano ya madeni, basi na hili tuliandike. Taja kipande chenyewe, eleza unakipeleka wapi, sema kama utauza na kama utakibadilisha, na uliza anataka jina lake liandikwe vipi. Usifiche kwamba ni biashara ukidhani atakataa. Akijibu, litunze jibu lake pamoja na kodi.

Tatu, hakikisha unayemwomba ndiye mwenyewe. Aliyeiweka mtandaoni huenda naye aliichukua kwa mtu, au aliiandika akiwa kazini na mali ni ya mwajiri wake. Asiyemiliki hawezi kuruhusu.

Nne, asipojibu baada ya kukumbushwa, au akikataa, rudi. Tafuta nyingine yenye ruhusa au andika ya kwako.

Tano, tusijifiche nyuma ya mashine. Siku hizi wapo wanaoletewa kodi na akili mnemba, na wanaona wamepona. Mwaka 2022 baadhi ya waandika programu walifungua kesi kule California dhidi ya GitHub, Microsoft na OpenAI, wakidai kwamba chombo kiitwacho Copilot kinatoa kodi zao bila majina wala leseni. Ukiletewa kipande kirefu ambacho hujui asili yake, kifanyie uchunguzi kama ungekikuta njiani.

Na uongozi wa shule, zahanati na taasisi zetu nao una wajibu. Mnapomlipa fundi, muulizeni mambo matatu: kodi imetoka wapi, iko chini ya leseni gani, na sisi tutapewa? Tunawauliza mafundi ujenzi walikonunua saruji, kwa nini tusimuulize huyu?

Kwa wale waliokwisha kuuza programu za namna hii, mlango wa toba uko wazi, na haki za watu hurudishwa kwa kadiri inavyowezekana. Majina yanarudishwa, leseni inaambatanishwa, mteja anapewa kodi anayostahiki, na kipande kisicho na ruhusa kinaondolewa na kuandikwa upya. Kuhusu fedha zilizokwisha kupokewa, kila mmoja akamuulize sheikh anayemwamini kwa kisa chake, kwani hali hazilingani.

Vijana wetu wasidhani kwamba maneno haya yanawafungia riziki. Sehemu kubwa ya kodi wanazozihitaji imeshatolewa kwa ruhusa na wenyewe. Inayotakiwa ni kusoma ukurasa mmoja wa leseni, na pale isipokuwepo, kubisha hodi.